Mzazi Aliye Katika Makao ya Wazee

(Maneno yaliyosemwa mbele ya jamaa wa Jumuiya, Zone Industrielle, Bujumbura)





Nawashukuru wakubwa wa Jumuiya yetu kwa heshima waliyonipa ya kusema mbele yenu. Najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine zamu ya usiku inawangoja huko viwandani, basi sitawachosha kwa utangulizi mrefu. Nimeombwa niseme juu ya haki za wazazi. Walakini juu ya haki hizo mmesikia mengi tangu mlipokuwa watoto wa chuoni, na mimi mwenyewe nimewasomea mara nyingi. Leo nataka kusema juu ya jambo moja ambalo halisemwi misikitini mwetu: mzazi anayekaribia mauti yake hali amelala katika makao ya wazee, mikononi mwa watu wasio jamaa zake.

Nilipokuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, nilisimama juu ya mimbari nikawasema vibaya watu wa namna hiyo. Nilisema kwamba mtu ampelekaye baba yake katika nyumba ya wazee ni sawa na aliyemtupa njiani. Baadhi yenu mlikuwapo siku ile, na nakumbuka mlivyotikisa vichwa kwa kukubali. Miaka ikapita, na baba yangu mwenyewe akaingia katika nyumba hiyo, na humo akafariki. Watu walipokuwa wakiniuliza habari zake, nilikuwa nikijibu kwamba yuko kwa jamaa zetu. Huo ulikuwa uongo, nami nataka radhi zenu leo, kwani wengine katika ninyi mlitaka kwenda kumzuru nikawazuia kwa uongo huo.

Sababu zilikuwa hizi. Baba alifanya kazi ya kupika sabuni hapa hapa Zone Industrielle tangu ujana wake mpaka mgongo ulipoinama. Tulikuwa tukikaa Buyenzi, nyumba ya vyumba viwili. Katika vita vilivyoanza mwaka 1993 ndugu zangu wawili walivuka kwenda Kigoma, na hawakurudi kukaa. Dada yangu ndiye aliyemtazama mzee, naye Mwenyezi Mungu akamchukua. Kisha Baba akaanguka uani, akavunjika nyonga, na madaktari walipomtazama wakaona ugonjwa mwingine ulio mbaya zaidi, uliokwisha kuingia mifupani. Mtu aliye katika hali hiyo hugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, ama sivyo ngozi huoza na vidonda vikafika mfupani. Husafishwa kama mtoto mchanga, na mke wangu, ambaye ni mkwe wake, hakuwa halali kumwona utupu wake, wala mgongo wake haukuwa na nguvu za kumwinua. Mimi nilikuwa nikisomesha mchana. Kwa muda wa miezi mitatu tulijaribu, na vidonda vikatokea.

Basi nikampeleka kwa watawa wa Kikristo wanaolea wazee. Nyumba hiyo siitaji kwa jina, kwani hawakunipa ruhusa ya kusema habari zao; lakini wallahi, sikuona kwao ila wema. Walimwosha. Walimpa chakula kisicho na shaka, na walipokuwa na nyama waliniuliza kwanza ilikochinjwa. Baada ya wiki sita vidonda viwili katika vitatu vilikuwa vimefunga.

Sasa, je, nilitenda dhambi? Hili ndilo swali wengi wenu mnalolificha vifuani, nami najua, kwani baada ya Baba kufariki watu wanne wamenijia usiku kuniuliza. Tazameni katika Sura ya Bani Israil, aya ya ishirini na tatu na ya ishirini na nne. Pale Mwenyezi Mungu anapowataja wazazi wawili kufikia uzee, analitia neno lenye maana ya kwamba wamo kwako, yaani katika hifadhi yako. Wengine hulishika neno hilo kuwa ni ukuta wa nyumba yako. Mimi naliona kuwa ni dhamana iliyo shingoni mwako, na dhamana haikutoki kwa kuhamishwa kitanda. Kama umempeleka kwa kuwa hukuweza, na unakwenda, na unalipa, na unauliza, huyo yungali kwako. Na kama unaye chumba cha pili na siku tatu zimepita hujamwona uso wake, basi huyo umekwisha mtupa, ingawa mnatumia mlango mmoja.

Wala msidhani kwamba makao ya wazee ni kitu kigeni kwa Waislamu, kilicholetwa na Wazungu. Sultani Qalawun wa Misri, katika mwaka 1284, alijenga hospitali kubwa mjini Cairo akaiwekea wakfu, tajiri na maskini wakaingia humo, wanaume kwa wanawake. Mjini Istanbul, katika mwaka 1896, Sultani Abdulhamid wa Pili alifungua nyumba iitwayo Darülaceze, maana yake nyumba ya wasiojiweza. Akajenga ndani yake msikiti, na pia mahali pa ibada pa Wakristo na pa Mayahudi, ili asife mtu mbali na dini yake. Nyumba hiyo ipo mpaka leo. Na jirani zetu wa Unguja, baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, serikali yao iliwajengea wazee nyumba Sebleni, na wengi walioishi humo na kufia humo ni Waislamu wenzetu. Kwa hiyo aibu niliyoiona mimi haikutoka katika sheria. Ilitoka kwa majirani, na kwa maneno yangu mwenyewe juu ya mimbari.

Walakini makosa niliyatenda, ndugu zangu, tena makubwa. Sikuyatenda siku ya kumpeleka. Niliyatenda katika siku kumi na moja za mwisho, na hayo ndiyo yaliyonileta mbele yenu.

La kwanza ni habari ya maumivu. Ugonjwa ulipokaza, Baba alikuwa akilia usiku. Mtu ambaye sikupata kumwona akitoa chozi, hata siku ya maziko ya mama yangu, alikuwa akiuma shuka. Daktari akaandika morfini, dawa ya maji ya kunywa. Mimi nikakataa. Nikamwambia yule muuguzi kwamba hiyo ni katika jamii ya afyuni, na kilevi ni haramu, na mimi ni sheikh, siwezi kumruhusu baba yangu akutane na Mola wake hali akili yake imefunikwa. Muuguzi hakubishana nami. Alinitazama tu, kisha akaenda zake. Usiku tatu Baba alilala hivyo hivyo. Usiku tatu! Naye alisikia nikikataa, wala hakusema neno, kwa kuwa aliniheshimu kwa elimu yangu kuliko nilivyostahili.

Siku ya nne nikaenda kwa sheikh wangu aliyenisomesha, mzee aliyekwisha pofuka, nikamweleza, nikitaraji kusifiwa. Akaniuliza: “Huyo baba yako ataka kulewa?” Nikasema la. “Wewe wataka kumlewesha?” Nikasema la. “Basi mbona wamtesa?” Kisha akanikumbusha mambo ambayo nilikuwa nikiyasomesha kila mwaka kwa kitabu mkononi: kwamba dharura huhalalisha kilichokatazwa kwa kadiri ya dharura hiyo, kwamba madhara huondolewa, na kwamba matendo huhesabiwa kwa nia. Akasema, kama daktari mwenye kuaminika ameipima, na hakuna nyingine itoshayo, na makusudi ni kuondoa maumivu, basi wanavyuoni wa zama zetu wameiruhusu, na mwenye kumzuilia mgonjwa hana thawabu yoyote. Nikarudi mbio. Jioni ile Baba alipewa, akalala usingizi wa kweli, na alfajiri aliniuliza kama adhana imekwisha. Akili yake ilikuwa safi kuliko siku zote za maumivu. Maumivu ndiyo yaliyokuwa yakiifunika akili yake, wala si dawa.

Tangu siku hiyo nimejifunza habari za dawa hii, na yafaa mzijue. Kule Kampala, tangu mwaka 1993, iko taasisi iitwayo Hospice Africa Uganda, iliyoasisiwa na daktari mwanamke, Anne Merriman, kwa ajili ya watu ambao ugonjwa wao hautazamiwi kupona. Huko huichanganya morfini kwa unga na maji, ikawa dawa ya bei ndogo, nayo hutiwa rangi ili nguvu zake zisikosewe. Wauguzi huifuata nyumba za wagonjwa, Waislamu na Wakristo. Na katika mwaka 2004 sheria ya Uganda ilibadilishwa, hata muuguzi aliyefundishwa kazi hiyo akapewa ruhusa ya kuiandika, kwa kuwa madaktari walikuwa wachache na vijiji ni vingi. Wenye ujuzi wa kazi hiyo wanashuhudia kwamba ikitolewa kwa kipimo chake haimharakishii mtu kifo. Nami nasema, kama kuna Mwislamu aliye na baba au mama katika hali ile, akamnyima kwa fatwa ya kubuni kama niliyoibuni mimi, basi na aje aniulize kwanza, hata ikiwa saa nane ya usiku.

La pili ni chakula. Nilikuwa nikienda na uji, na Baba alikuwa amefunga meno. Nikamfungua kinywa kwa kijiko. Nilisema moyoni, mtu asiyekula hufa, na mimi siwezi kutazama baba yangu akifa kwa njaa. Uji ukamwendea kifuani, akakohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Watawa walikuwa wamekwisha kunieleza kwamba mwili unaokaribia kuondoka hauwezi tena kukifanyia kazi chakula, na kwamba kutokula kwake ni alama ya kufa, wala siyo sababu ya kufa. Sikuwasikia.

Nisikilizeni basi. Katika Sahihi ya Bukhari imo habari ambayo nimeisoma, sijui mara ngapi, pasipo kuiona. Mtume (s.a.w.) katika maradhi yake ya mwisho alizidiwa, na watu wa nyumbani wakamtia dawa upande wa kinywa. Akawaashiria wasimtie. Wakaambiana kwamba hiyo ni chuki ya mgonjwa kwa dawa tu, wakamtia. Alipopata nafuu akawauliza kama hakuwakataza, kisha akaamuru kila aliyekuwamo nyumbani naye atiwe dawa ile ile, mbele ya macho yake, isipokuwa ami yake Abbas, kwa kuwa hakushiriki. Tazameni, mgonjwa hana nguvu za kusema, ana ishara tu, na ishara ile ina haki ya kufuatwa. Na Tirmidhi na Ibn Majah wamepokea makatazo ya kuwalazimisha wagonjwa kula na kunywa. Mimi nilikuwa na vitabu vyote viwili rafuni, na kijiko mkononi.

La tatu ndilo dogo kuliko yote, na ndilo linaloniuma zaidi. Siku mbili kabla ya kufariki, Baba alikuwa akikunja na kukunjua vidole, akilitazama beseni la kuogea lililokuwa karibu na dirisha. Akasema, “Nipe mche.” Nikadhani akili imepotea. Nikampa tasbihi, nikamfunga vidole vyake juu yake. Akaiacha ikaanguka. Nikampa tena. Mara ya tatu akageuza uso ukutani.

Yule muuguzi, binti mdogo, wala si mtu wa dini yetu, alikuwa akipita. Alisimama, akafuata macho ya mzee, akaenda penye beseni, akachukua kipande cha sabuni ya kufulia, ile ya mche, akamtia mkononi. Baba alikifunga kiganja chake, akakinusa, akakipitisha kidole gumba pembeni kama atazamaye kama kimekatwa sawa. Miaka thelathini na minane alifanya kazi hiyo. Akacheka kidogo. Akaniambia, “Hii wameiharakisha, Shee. Haikukaa.” Yaani sabuni haikuachwa kukauka siku zake. Hayo ndiyo mazungumzo ya mwisho tuliyopata baina yetu, mtu na mwanawe, nami sikuyaleta mimi.

Mnajua Bibi Aisha (r.a.) alivyofanya. Mtume (s.a.w.) alikuwa ameegemea kifuani pake, akaingia ndugu yake Abdurrahman na mswaki mkononi. Bibi Aisha akayaona macho ya Mtume yakiutazama mswaki ule, akajua. Akamwuliza kama amchukulie, naye akaitikia kwa kichwa. Akauchukua, akaulainisha kwa meno yake mwenyewe, akampa. Hakumpa alichoona yeye kuwa ni bora kwa mtu anayekufa. Alimpa kile alichokitazama. Na palikuwapo chombo cha maji, Mtume akitia mikono yake na kujipangusa uso, hali akieleza kwamba mauti yana machungu. Basi kinywa kilaini, uso uliopanguswa maji, mtu wa karibu wa kuegemea: hayo tumepewa katika mwisho wa mbora wa viumbe, nasi twayaacha kwa wauguzi, kisha twangojea kazi ya sanda.

Mambo ya sheria nitayapitia upesi, kwani mnayajua au mtayakuta katika vitabu. Mgonjwa asiyeweza maji atayamamu, asiyeweza kusimama ataswali amekaa, asiyeweza kukaa ataswali amelala, na akishindwa na hilo ataashiria kwa macho. Sisi watu wa Shafii hatuna katika kauli mashuhuri kujumuisha swala kwa ajili ya ugonjwa, lakini Imamu Nawawi aliikhitari kauli ya kuruhusu, basi msiwabane watawa wamtie mzee udhu mara tano. Kibla huku kwetu ni kaskazini, kupinda kidogo mashariki. Mwombeni mwenye nyumba ruhusa, mtie alama ukutani, ili hata usiku usipokuwapo wapate kujua. Hulazwa kwa ubavu wa kulia, na kama nyonga imevunjika kama ya Baba, basi chali, nyayo kuelekea kibla na kichwa kiinuliwe kidogo. Na talkini ni mara moja, kwa upole. Akiisha kutamka shahada nyamazeni, msimrudie mpaka aseme neno jingine. Nimeona watu wakimpigia mgonjwa kelele masikioni kama wanaomwita mtu ng'ambo ya mto Ntahangwa. Mfundisheni pia muuguzi namba ya simu ya kupiga kwanza, na kwamba maiti asioshwe mpaka mfike. Hawakatai, huwa hawajaambiwa.

Na mwachieni mgonjwa nafasi ya kumtumaini Mola wake. Siku tatu kabla ya kufariki kwake, Mtume (s.a.w.) aliwausia sahaba wasife ila hali wanamdhania Mungu mema, kama alivyopokea Muslim. Basi kando ya kitanda msihesabu makosa, wala msigombee kiwanja.

Nimekwisha, isipokuwa jambo moja la kazi. Katika nyumba ile, nilipokwenda mwezi uliopita, nilikuta Waislamu watano, mabibi watatu na wazee wawili. Mmoja katika mabibi hao ana watoto mjini hapa, na wengine katika ninyi mnawajua. Sitawataja, wala wao nao siwahukumu, kwani sijui vyumba vyao ni vingapi. Yule bibi haoni tena. Aliposikia sauti yangu alidhani mimi ni mwanawe, akanishika mkono wa kanzu, nami nikakaa mpaka alipolala.

Wakubwa wa Jumuiya wamekubali kutoa gari ndogo kila Alhamisi baada ya alasiri. Watu sita wanatosha kwa safari moja, watatu wanaume na watatu wanawake. Tunahitaji pia mtu anayejua kukata kucha za wazee bila ya kuwaumiza, na mtu wa kusoma Yasini kwa sauti ya chini. Mafuta ya kupaka ngozi, shuka, na sabuni iliyokauka vizuri, vyote vyapokewa. Daftari liko mezani karibu na mlango, nami nitakuwa hapo mpaka baada ya swala ya isha. Alhamisi hii bado nafasi nne.

Wassalam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.